Familia za Tunisia na vitamini E iliyokwama kwenye ini

Mtoto anaanza kuyumba akiwa na miaka kumi hivi. Mwanzoni wazazi wanadhani ni uzembe: anajikwaa pasipo na jiwe, anamwaga chai, mwandiko wake daftarini unaharibika mwezi hadi mwezi. Gizani hali huwa mbaya zaidi, maana macho ndiyo yaliyokuwa yakimwambia miguu iko wapi. Akifikishwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, anagongwa chini ya goti kwa kinyundo cha mpira na mguu haurushi. Anaambiwa asimame wima, miguu pamoja, afumbe macho. Anapepesuka na kudakwa. Kidole gumba cha mguu kikishikwa na kusogezwa juu au chini, hawezi kusema kimeelekezwa wapi mpaka afumbue macho na kutazama.

Picha hiyo ina jina tangu karne ya 19. Nikolaus Friedreich wa Heidelberg aliieleza mwaka 1863, na ugonjwa ukaitwa ataksia (kuyumba kwa mwendo) ya Friedreich: wa kurithi, unaoanza utotoni au ujanani, na usiorudi nyuma. Kwa hiyo wagonjwa wa namna hii walipofikishwa kwa wataalamu wa Tunis, wakiwemo watoto wa familia ambazo mume na mke ni mtu na binamu yake, jina lilikuwa tayari linawasubiri.

Lililovuruga mambo ni jenetiki. Mwaka 1988 watafiti walibaini kwamba kasoro ya Friedreich iko kwenye kromosomu ya 9. Jeni yenyewe haikupatikana hadi 1996, lakini kujua mtaa kulitosha: unachukua damu ya ukoo mzima, unafuatilia alama za kromosomu hiyo, unaangalia kama ndugu wote wanaougua wamerithi kipande kilekile. Jopo la Mongi Ben Hamida wa Tunis lilikuta familia ambazo ugonjwa haukufuata kromosomu ya 9 hata kidogo, ingawa ukimtazama mgonjwa kitandani huoni tofauti. Na damu ya wagonjwa hao ilikuwa na jambo jingine lisilotarajiwa: vitamini E ilikuwa karibu hakuna. Mtu mzima mwenye afya huwa na takriban mikromoli 20 hadi 30 kwa lita ya plazma. Wagonjwa wa namna hii mara nyingi huwa chini ya 4.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kunivutia. Watu hawa hawakuwa na njaa. Walikula sinia moja na ndugu zao wasioumwa, katika nchi ambayo mafuta ya zeituni, yenye vitamini E ya kutosha, ni ya kila siku jikoni. Hawakuharisha. Choo chao hakikuelea kwa mafuta. Vitamini nyingine zinazosafiri na mafuta, yaani A, D na K, hazikuwa na tatizo. Ini lao, ukilipima kwa vipimo vya kawaida, lilikuwa zima. Vitamini moja tu ndiyo iliyotoweka, na kabla ya kueleza ilikotowekea inafaa kuona jinsi watu wenye akili timamu walivyoitafuta mahali pasipo penyewe.

Walioshukiwa kwanza

Wagonjwa wa aina hii walikuwa wamekwisha kuandikwa. Wataalamu wa Ujerumani walieleza mmoja mwaka 1981. Mwaka 1985 jopo la Uingereza lililoongozwa na Anita Harding, bingwa wa ataksia za kurithi, lilieleza mwingine na kusema kwamba utumbo umeshindwa kufyonza vitamini E peke yake.

Lilikuwa wazo la heshima. Mpaka wakati huo, karibu kila upungufu mkubwa wa vitamini E uliojulikana kwa binadamu ulitokana na mafuta kushindwa kuingia mwilini: watoto ambao njia ya nyongo imeziba, wagonjwa ambao kongosho halitoi vimeng'enya, na wale wachache waliozaliwa bila uwezo wa kuunda chembe zinazobeba mafuta kwenye damu. Vitamini E haiyeyuki kwenye maji. Bila nyongo haipiti ukuta wa utumbo. Daktari akiona kiwango kimeporomoka, ni haki yake kutazama utumbo kwanza.

Tatizo ni kwamba nadharia hiyo ilihitaji kiraka ili isimame. Seli za utumbo huyapakia mafuta ya chakula, kolesteroli na vitamini hizi zote kwenye chembe zilezile kubwa zinazoitwa kailomikroni, kisha huzimwaga kwenye mishipa ya limfu. Utumbo unaokubali A, D na K ukaikataa E peke yake ungekuwa utumbo wa ajabu sana. Watu walilikubali hilo kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kunyooshea kidole. Ini halikuwa kwenye orodha ya washukiwa, ingawa ushahidi dhidi yake ulikuwepo tangu 1975: Catignani alikuwa ameripoti kwamba ndani ya seli za ini la panya kuna protini inayoshika tokoferoli ya alfa, mojawapo ya aina za vitamini E. Ilibaki kuwa habari ya watu wa maabara kwa miaka mingi, na madaktari wa wodini hawakuwa na sababu ya kuisoma.

Njia ilivyo kwa mtu mzima wa afya

Vitamini E ni jina la ukoo. Kuna tokoferoli nne (alfa, beta, gama na delta) na tokotrienoli nne zenye majina hayohayo. Zote ziko kwenye mimea, kwa viwango tofauti. Mafuta ya alizeti, kama yale ya Singida na Dodoma, yana alfa kwa wingi. Mafuta ya soya na ya mahindi yana gama zaidi. Mawese mekundu ya Kigoma na Kongo yamejaa tokotrienoli, ndiyo maana matangazo ya mawese hupenda kutaja vitamini E bila kusema ni ipi.

Utumbo haubagui. Chochote kilichoyeyuka kwenye mafuta na nyongo hupita. Kailomikroni hutoka na aina zote ndani yake, hupanda na limfu hadi mshipa mkubwa karibu na shingo, na kuingia kwenye damu. Kwenye mishipa myembamba ya misuli na ya tishu za mafuta kuna kimeng'enya kinachozivua mafuta yake. Wakati wa kuvuliwa huko, vitamini E kidogo humwagika kwenye tishu za jirani na kwenye chembe nyingine za damu. Mwache msomaji aikumbuke njia hiyo ya pembeni. Itaokoa watu mwishoni mwa kisa. Sehemu kubwa iliyobaki huenda na mabaki ya kailomikroni hadi kwenye ini, na seli za ini huyameza mabaki hayo mazimamazima.

Ubaguzi huanzia hapo. Ndani ya seli ya ini mzigo hufunguliwa kwenye vifuko vya kusagia, na vitamini E ya kila aina huachwa humo pamoja na mafuta. Ndipo huja protini ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita mbebaji wa tokoferoli ya alfa. Ni ndogo, ina asidi amino 278, na ndani yake ina mfuko wenye kuta zinazopenda mafuta ambamo molekuli moja ya alfa hukaa imejikunja. Watafiti wa Japani walipima kila aina inavyoshikwa na mbebaji huyu. Wakiipa alfa asilimia 100, beta ilipata 38, gama 9, delta 2. Hata alfa yenyewe ikitengenezwa kiwandani huwa na maumbo yaliyopinda vibaya, na umbo mojawapo la namna hiyo lilipata 11 tu. Ni kama mpiga debe wa stendi aliyeagizwa kumpandisha abiria mmoja anayemjua sura, na wengine wote wabaki kwenye benchi. Hao wanaobaki hukatwakatwa mikia na vimeng'enya vya ini na kutolewa na mkojo, au hutupwa na nyongo.

Mbebaji huitoa alfa kwenye vifuko, huivusha hadi kwenye utando wa nje wa seli, na huiacha huko. Kutoka hapo hupanda chembe zinazoondoka kwenye ini, hasa zile nyepesi sana ziitwazo VLDL. Ndiyo maana ukipima damu yako leo utakuta alfa imezidi gama kwa mbali, hata kama mafuta uliyokaangia wiki nzima yana gama zaidi. Chakula chako kilikuwa na mchanganyiko, ini likachagua.

Haidrojeni nzito ya Ottawa

Swali la Tunisia, na la wagonjwa wa Marekani ambao Ronald Sokol na wenzake walikuwa wakiwafuatilia, lilijibiwa na jaribio ambalo mimi huliona kuwa zuri kuliko yote katika habari hii. Wanakemia Graham Burton na Keith Ingold wa Ottawa, Kanada, walikuwa wametengeneza tokoferoli ya alfa ambayo baadhi ya atomi zake za haidrojeni zimebadilishwa na zile nzito. Haina mionzi, haimdhuru mlaji, na mwili hauitofautishi na ya kawaida. Ila mashine ya kupima uzito wa molekuli huitambua mara moja. Sasa mtu angeweza kumeza dozi moja, kisha damu yake ikachukuliwa mara kwa mara na kuulizwa: vitamini E hii ni ya chakula cha zamani, au ni ile tuliyompa asubuhi?

Maret Traber, Herbert Kayden, Sokol na wenzao walitoa matokeo mwaka 1990. Saa za kwanza baada ya kumeza, kailomikroni za wagonjwa zilikuwa na vitamini yenye alama sawa na za watu wazima wa afya. Utumbo ulikuwa hauna hatia. Umefyonza na umepakia kama unavyotakiwa.

Tofauti ilionekana baada ya hapo. Kwa watu wa afya, alama ilitoweka kwenye kailomikroni zilipokwenda kwenye ini, halafu ikarudi: VLDL mpya zilizokuwa zinatoka kwenye ini zilikuja zimejaa alama, na kutoka humo ikasambaa kwenye LDL na HDL, chembe nyingine zinazobeba mafuta kwenye damu. Kwa wagonjwa, iliingia kwenye ini na karibu haikurudi. VLDL zao zilitoka kama kawaida, zimebeba mafuta na kolesteroli kama kawaida, bila vitamini E. Meli zilikuwepo na zilikuwa zinaondoka kwa ratiba.

Walipowapa alfa ya asili na alfa yenye umbo la kiwandani kwa pamoja, kila moja ikiwa na alama yake ya uzito, watu wa afya walibaki na ya asili kwenye damu kwa muda mrefu. Nusu yake ilichukua takriban saa 48 kuondoka, na ile ya kiwandani takriban saa 13 hadi 15. Baadhi ya wagonjwa hawakuweza kabisa kutofautisha mbili hizo. Ya asili iliondoka mbio kama ya kiwandani. Kinachoitunza alfa ya asili kwenye damu ya mtu wa afya si ugumu wake. Ini huimeza na kuitoa tena na tena, mzunguko baada ya mzunguko, na kila mara mbebaji yuleyule huipandisha upya. Asipokuwepo, kila molekuli hupata safari moja tu.

Herufi moja

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1993 kundi la Tunis likishirikiana na maabara ya Strasbourg, Ufaransa, lilitumia nasaba zilezile za ndoa za binamu kuutafuta mtaa halisi wa ugonjwa. Mantiki yake ni nyepesi: kama baba na mama wamerithi kasoro kutoka kwa babu mmoja, mtoto mgonjwa atakuwa na kipande kilekile cha kromosomu mara mbili, na ndugu zake wagonjwa pia. Kilipatikana kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 8. Mwaka 1995 Ouahchi na wenzake wakathibitisha kwamba jeni iliyoko hapo na iliyoharibika ni ile ya mbebaji wa alfa, protini ambayo Catignani aliinusa miaka 20 nyuma.

Kasoro inayoonekana zaidi Afrika Kaskazini ni ndogo kwa kuitazama. Herufi moja, A, imedondoka kwenye nafasi ya 744. Msimbo wa jeni husomwa herufi tatu tatu, kwa hiyo moja ikidondoka usomaji wote unaofuata unahama. Mpaka asidi amino ya 248 protini iko sawasawa. Kuanzia hapo, asidi amino 30 za mwisho hazipo, na badala yake kuna 14 zisizo na maana yoyote. Protini ya namna hiyo haifanyi kazi, na mtoto aliyepata nakala mbili mbovu huugua mapema. Wazazi wenye nakala moja moja ni wazima, na wengi hawatajua maisha yao yote.

Si kila kasoro inakata mkia. Kwenye kisiwa kimoja cha Japani alipatikana mgonjwa ambaye dalili zake zilianza ukubwani. Asidi amino moja tu, ya 101, ilikuwa imebadilishwa, na mbebaji wake alibaki na takriban asilimia 11 ya nguvu. Gotoda na wenzake walipima wakazi 801 wa kisiwa hicho na kukuta 21 wenye nakala moja ya kasoro hiyo. Vitamini E yao ilikuwa chini kwa wastani wa robo moja, na hawakuumwa. Hizo asilimia 11 ndizo zilizomnunulia mgonjwa yule miongo ya kutembea vizuri.

Kasoro nyingine ilifundisha jambo tofauti. Ipo inayogusa asidi amino ya 59, na inaleta ugonjwa mkali ingawa mfuko wa kushikia alfa hauko hapo. Umbo la protini lilikuwa limeshapigwa picha tangu 2003, lakini jibu lilikuja 2013 kutoka Japani. Sehemu ile ndiyo inayoshikana na mafuta maalumu yenye fosfati yaliyoko kwenye utando wa seli. Mbebaji akifika kwenye utando, mafuta hayo humlegeza, mfuko unafunguka, na alfa inatoka. Mwenye kasoro ya 59 anaweza kuubeba mzigo, ila kuushusha hawezi. Kwangu mimi, huo ndio uthibitisho kwamba kubeba na kukabidhi ni kazi mbili, na mtu anaweza kuugua kwa kukosa hiyo ya pili.

Kutoka VLDL hadi kwenye neva

Vitamini A ina protini yake ya kuisindikiza kwenye damu. D inayo yake. E haina. Ikishatoka kwenye ini inategemea lifti za chembe za mafuta: VLDL zinapovuliwa mafuta zinageuka LDL, na alfa inabaki ndani, nyingine inahamia HDL, kwa sababu chembe hizi hubadilishana vitamini E zinapogusana. Seli za tishu huipata kwa milango kadhaa. Nyingine huimeza LDL nzima kupitia kipokezi chake, nyingine hupokea kutoka kwa HDL bila kuimeza, na kwenye misuli na mafuta kile kimeng'enya cha kuvua hufanya sehemu ya kazi. Hakuna homoni inayoagiza na hakuna ghala rasmi. Tishu za mafuta huhifadhi nyingi lakini huitoa kwa uvivu mkubwa, na haziwezi kuitwa akiba ya dharura.

Jambo moja la kimaabara linatokana na hilo, na hospitalini husahaulika: kiwango cha vitamini E kisomwe pamoja na kolesteroli na trigliseridi za mgonjwa. Mwenye mafuta mengi kwenye damu ataonekana tajiri wa E kwa sababu ana magari mengi, na aliyekonda kwa utapiamlo ataonekana maskini kuliko alivyo.

Kwa nini basi neva ndizo zinazoumia, na si moyo au ngozi? Kazi ya alfa ni kukaa ndani ya tando za seli na kukata mnyororo wa kuungua kwa mafuta kabla haujasambaa. Neva ndefu za hisia, zinazotoka kwenye nyayo hadi juu ya uti wa mgongo, ni utando mtupu kwa urefu usiopungua mita moja, wenye mafuta yanayooksidika kwa urahisi. Ubongo mdogo, unaoratibu mwendo, na retina ya jicho viko kwenye hali hiyohiyo. Neva hupokea alfa polepole na huipoteza polepole. Mtoto huzaliwa na kidogo, hukua, neva hurefuka, na usambazaji hauji. Dalili kwa kawaida hutokea kati ya miaka 5 na 15, wakati uharibifu umeshakuwa na miaka nyuma yake.

Nitaweka hapa neno kwa wahudumu wa afya wa kwetu. Kijana anayeshindwa kutembea katika eneo linalokula muhogo mchungu huletewa konzo (kupooza miguu kunakotokana na sumu ya muhogo huo) akilini kwanza, na ni sahihi kuifikiria. Lakini konzo huja ghafla, hukaza miguu, na goti likigongwa mguu hurusha kupita kiasi. Huyu wa vitamini E huja polepole, na goti lake liko kimya. Ndoa za mtoto wa ami au wa mjomba si jambo geni Pwani, Oman na Ghuba, kwa hiyo ugonjwa wa kurithi wa nakala mbili hauhitaji pasipoti ya Tunisia.

Dawa bila mbebaji

Hapa pana kitendawili. Kama mbebaji amekufa, kumeza vitamini E zaidi kutasaidia nini? Ini litaimeza na kuipoteza vilevile.

Jibu liko kwenye ile njia ya pembeni. Kailomikroni zikiwa zimejaa alfa kupita kiasi, kile kinachomwagika wakati wa kuvuliwa mafuta, ambacho kwa mtu wa kawaida ni nyongeza ndogo, kinakuwa kikubwa. Sehemu inaingia kwenye tishu moja kwa moja, sehemu inarukia HDL na LDL kabla ini halijaweka mkono. Mgonjwa anaishi kwa makombo ya safari ya kwanza, ila ni makombo ya karamu: mtu mzima hupewa miligramu 800 hadi 1,500 kwa siku, na mtoto takriban miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mahitaji ya mtu mzima wa afya ni 15 tu. Dozi hugawanywa na kumezwa na mlo wenye mafuta, kwa sababu bila mafuta hakuna kailomikroni, na bila kailomikroni hakuna chochote. Na kwa kuwa hakuna mbebaji wa kuizungusha tena, akiacha kumeza, kiwango huporomoka ndani ya siku chache. Kwa mgonjwa huyu kusahau vidonge wiki nzima si kosa dogo.

Matokeo yake ni ya kutia moyo na ya kusikitisha kwa pamoja. Gabsi na wenzake huko Tunisia waliwafuatilia wagonjwa 24 kwa mwaka mmoja wakiwa kwenye miligramu 800 kwa siku. Kiwango cha damu kilirudi mahali pake. Ugonjwa uliacha kusonga mbele, na mwendo ukapata nafuu kiasi, zaidi kwa wale ambao hawakuwa wameugua kwa muda mrefu. Magoti yaliyonyamaza hayakurudia kurusha. Neva iliyokufa haifufuliwi na kidonge.

Linganisha na Friedreich yenyewe. Hiyo ilisubiri hadi mwaka 2023 ndipo dawa ya kwanza, omaveloxolone, ikaidhinishwa Marekani, kwa bei ambayo familia nyingi za huku haziwezi hata kuitamka, na hupunguza kasi tu. Ndugu yake pacha wa sura anazuiwa na vidonge vinavyouzwa kwenye rafu ya vipodozi. Kumwandikia mtu Friedreich bila kupima vitamini E, mimi siwezi kuliita jambo dogo la kiutaratibu. Zipo dalili za kumshtua daktari: kichwa kinachotikisika chenyewe kama cha anayekataa huonekana zaidi kwenye upungufu wa vitamini E, na misuli ya moyo kunenepa huonekana zaidi kwenye Friedreich. Lakini dalili hizo hupotosha, na kipimo cha damu hakipotoshi hivyo.

Na kwa sababu vidonge hivyo viko rafuni, wauzaji wa virutubisho wasikitumie kisa hiki. Mtu mwenye mbebaji mzima akimeza miligramu 800, ini lake litaipandisha kiasi na kuitupa inayozidi. Damu yake huishia kwenye mara mbili hadi tatu ya kawaida, na kuongeza dozi hakuongezi sana. Anachoweza kupata kwa uhakika zaidi ni kuvuja damu kirahisi, hasa akiwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kazi iliyobaki katika familia kama zile za Tunisia ni ya wadogo zao. Mtoto mmoja akithibitishwa, kila ndugu yake ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na nakala mbili mbovu, na huyo wa miaka minne anayekimbia uani bila kujikwaa anaweza kuwa mmoja wao. Damu yake ipimwe sasa, asubuhi kabla ya kula, chupa ikingwe na mwanga na ipelekwe maabara mapema. Waliogunduliwa katika umri huo na kuanzishiwa vidonge kabla ya dalili hukua bila kuyumba.